Muulize Maalim: Upande wa pili yupo nani?

Tangu tulipogusia habari ya simu darasani, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu zimekuwa za jambo moja tu: kusomesha lugha kwa mtandao. Nimechukua tano. Majina nimeyaweka kando na zile ndefu nimezipunguza, wenyewe watanisamehe.

Maalim, assalamu alaykum. Nasomesha Kiingereza kidato cha tatu, Micheweni. Wanafunzi wangu mtihani wanapasi, lakini akitokea mgeni wa kuzungumza naye, wote kimya. Nimempata mwalimu wa skuli moja Ujerumani ambaye yuko tayari watoto wetu waandikiane. Nilichonacho ni simu yangu, kompyuta moja ya ofisini ambayo haikosi kazi, na umeme wa kuja na kuondoka. Nianzie wapi?

Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Kabla hujaigusa hiyo kompyuta, muulize huyo Mjerumani kalenda yake. Mwaka wetu wa skuli unaanza Januari. Wao wanaanza Agosti au Septemba, kila jimbo na siku yake. Disemba sisi tumefunga, wao wamo darasani mpaka karibu na Krismasi. Kiangazi wanafunga wiki sita, nasi ndiyo kwanza tumo kwenye masomo. Tia na Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, tia na mitihani ya taifa, utaona kilichobaki ni vipande vya wiki chache chache. Chagueni kipande kimoja, muandikiane mradi unaanza lini na unakwisha lini, basi. Naijua skuli moja ya Unguja ambapo watoto waliandika barua nzuri, wakakaa wiki baada ya wiki wakiuliza, "Mwalimu, bado hawajajibu?" Wenzao walikuwa wameshafunga na mwalimu wao yuko likizo. Mtoto aliyesubiri jibu lisilokuja, ukimrudisha tena kwenye mradi wa namna hiyo atakuandikia mistari mitatu ya kukuridhisha wewe tu.

Sasa, waandikiane nini? Miradi mingi huanza na "jina langu fulani, nina ndugu watano, napenda mpira na biriani". Hiyo ni barua ya kwanza. Ya pili hawana tena la kusema, wote wawili wameshamaliza.

Mwaka 1997, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, Gilberte Furstenberg na wenzake waliokuwa wakisomesha Kifaransa walianzisha mradi wakauita Cultura. Wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa walipewa dodoso moja: maneno ya kuandika kinachokujia kichwani, sentensi za kumalizia ("jirani mwema ni yule ambaye..."), na visa vidogo vya kusema wewe ungefanyaje, kwa mfano umesimama kwenye foleni dakika kumi na mtu anakuja kujipenyeza mbele yako. Majibu ya pande mbili yaliwekwa mtandaoni ubavu kwa ubavu, ndipo wakaanza kuulizana. Na kila mmoja aliandika kwa lugha yake mwenyewe, si kwa ile anayojifunza. Walimu wengi wakilisikia hili wanakunja uso. Lakini fikiri: yule Mmarekani anapata kusoma Kifaransa kilichoshiba, cha kijana mwenziwe, na upande wake anaeleza fikra zake zote bila kugugumia.

Kwako haliingii hivyo hivyo, maana kwa Wajerumani nao Kiingereza ni cha kujifunza. Ila hilo dodoso lichukue. Wanafunzi wako waandike kwanza kwa Kiswahili, kisha wakae wanne wanne walitie Kiingereza pamoja. Mwalimu mmoja rafiki yangu alifanya hivi Wete na darasa la Ujerumani, nami nilikuwepo siku majibu yalipobandikwa ukutani. Sentensi ilikuwa hiyo ya jirani. Vijana wetu walikuwa wameandika: anayekuja msibani bila ya kuitwa; anayekuletea futari; ambaye ukimtuma mtoto kuomba chumvi harudi mikono mitupu; anayemkanya mwanao akimuona anafanya upuuzi barabarani. Wa kule waliandika: asiyepiga kelele usiku, anayekupokelea kifurushi chako cha posta, anayekumwagilia maua ukisafiri, asiyejishughulisha na mambo yako.

Pale ukutani kulikuwa na kijana mmoja, mrefu, wa dawati la nyuma, ambaye rafiki yangu alisema tangu Januari hajapata kumsikia akitamka sentensi nzima ya Kiingereza. Akasimama mbele ya karatasi ya pili, akasoma, akageuka akauliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: kwa nini jirani apokee mzigo wako, kwani nyumbani kwenu hakuna watu? Hakuulizwa aulize. Swali likatumwa lilivyo, na lile kosa lake la sarufi likiwemo ndani. Wa kule wakajibu, nao wakauliza la kwao: hiyo futari inaletwa kila siku, na mtu akiichoka je? Hapo darasa lilipiga makelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Sisi walimu darasani huuliza maswali ambayo majibu yake tunayo mfukoni, na mtoto anajua kama tunayo. Ndiyo maana hawajibu. Mtandao unakuletea mtu ambaye kwa kweli hajui, na anataka kujua. Ukimpata mtu huyo, hiyo simu yako moja inatosha kabisa. Majibu yaandikwe daftarini, mwanafunzi mmoja mwenye mkono mwepesi ayachape, wewe utume usiku bando likiwa rahisi. Yakija ya kwao, chapisha, bandika. Mikutano ya video usiiahidi. Ikitokea siku mtandao umekaa vizuri, fanyeni moja, iwe kama sikukuu.

Kisa kimoja cha wale wa MIT kinahusu mama anayemzaba mwanawe kofi dukani. Hicho usianze nacho. Kiache mpaka mjuane.

Nasomesha Kiswahili, Mkoani. Wakubwa wanatuhimiza tutumie TEHAMA, lakini kwetu mtandao ukikatika na somo limekatika. Kuna njia?

Zipo, na nyingine za zamani. Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kimetoa programu inaitwa Hot Potatoes, ya bure, ya kutengenezea mazoezi: kujaza nafasi, kuoanisha, kupanga sentensi iliyovurugwa, fumbo la maneno. Sura yake imepitwa na wakati, sikufichi. Uzuri wake ni kwamba zoezi ukishalitengeneza linakuwa faili la ukurasa wa mtandao, unalitia kwenye flashi, na kompyuta yoyote italifungua bila ya intaneti. Kuna na Kiwix, inayokuwezesha kuipakua Wikipedia ya Kiswahili nzima ukaisoma hata kwenye kisiwa cha Makoongwe umeme umezimika, maadamu simu ina chaji.

Lakini hayo ni mazoezi na kusoma. Wewe upo Pemba, na msimu wa karafuu ukifika, nusu ya wanafunzi wako jioni wamo kwenye kuchambua. Fanya mradi wa hilo. Mtoto asiende akamwambia bibi yake "nieleze kuhusu karafuu". Bibi atamtolea hotuba fupi kisha atamfukuza. Akae naye jamvini wachambue pamoja, simu ikiwa juu ya kigoda inarekodi, na maswali yatoke mikononi: hii umeiweka kando kwa nini? Makonyo haya yanakwenda wapi? (Makonyo ndiyo vile vijiti vinavyoshika karafuu; yanakwenda Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta, na wapo vijana wa mjini wasiojua kuwa konyo lina thamani.) Pishi moja mnalipwaje? Jua likikataa mnafanyaje na zilizokwisha anikwa?

Skuli, kila kikundi kichague dakika moja tu ya rikodi na kuiandika neno kwa neno. Dakika moja ni kazi ya kipindi kizima, jaribu mwenyewe utaona. Watabishana: bibi kasema hivi, hapana kasema vile, rudisha nyuma. Ni usikilizaji ambao hakuna kitabu kitakachowapa. Kisha karatasi waikunje safu mbili, kushoto Kipemba cha bibi kama kilivyo, kulia Kiswahili sanifu. Hapo utawaeleza kwa nini safu mbili hizo zipo: mwaka 1928, Mombasa, kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifu ni Kiunguja cha mjini, na Kipemba kikabaki nyumbani. Mkikwama kwenye neno, BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wana kamusi ya Kipemba.

Mkitaka kuyatoa nje, Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na bado ina mapengo mengi khasa ya mambo yetu. Lakini ina masharti. Kila mnachoandika kiwe na chanzo kilichochapishwa, na maneno ya bibi, hata akiwa amechuma karafuu miaka hamsini, hayahesabiki kuwa chanzo. Wanafunzi watakasirika. Waache wakasirike, kisha wapeleke maktaba na ofisi za kilimo wakatafute maandishi. Picha za jamvi, za karafuu mbichi na kavu, za mikono inayochambua, hizo mnaweza kuzitia wenyewe kwenye hazina ya picha za Wikimedia bila ya kuulizwa kitabu. Mliyoyasikia kwa bibi yawekeni kwenye flashi ya skuli, na nakala ya pili iwe mahali pengine, kwani flashi hazina imani.

Maalim, mwalimu wa binti yangu amefungua kundi la WhatsApp, wao na wanafunzi wa nchi za nje, anasema ni mradi wa lugha. Binti ana miaka kumi na nne. Mama yake hataki kusikia. Mimi sina la kusema. Baba, Chake Chake.

Mzee mwenzangu, mama yake ana haki ya kushituka. Kwenye kundi la namna hiyo kila aliyemo anaiona nambari ya mwenziwe, na akishaiona anaweza kumuandikia pembeni saa yoyote. Kwamba WhatsApp wenyewe wanaruhusu kuanzia miaka kumi na tatu hakukwambii nani atamuandikia mwanao saa tano ya usiku.

Lakini usimuondoe mtoto kabla hujazungumza na mwalimu. Nenda skuli, nenda na mama yake, muulize kwa uzuri: kwa nini si anwani moja ya barua pepe ya darasa zima, anayoishika mwalimu mwenyewe pamoja na mwalimu wa pili? Sura za watoto zinapigwa picha? Zinabaki kwa nani mradi ukisha? Skuli za Ulaya zinaomba ruhusa ya mzazi kwa maandishi hata kwa picha moja, na hakuna sababu ya sisi kuomba kidogo kuliko wao. Mwalimu anayejua kazi yake hatochukia maswali haya. Akichukia, umeshapata jibu.

Nipo Makunduchi, nasomesha Kiingereza. Insha ninazoletewa siku hizi hazina kosa hata moja, na aliyeziandika hawezi kunisomea mstari. Ni mashine za kutafsiri, na hizi akili bandia. Nizipige marufuku?

Utapiga marufuku kwenye chumba chako, na mtoto ataandika nyumbani. Tafsiri ya Google ina Kiswahili tangu 2009. Hawa wanafunzi wako wengi walizaliwa wameikuta. Shida ipo kwenye maswali yetu. Insha ya "likizo yangu" inaandikwa na mashine kwa sababu haikuwa ya mtu yeyote tangu hapo.

Mwaka 1995 Bernie Dodge wa San Diego, Marekani, alipendekeza namna ya somo aliyoiita WebQuest. Kiini chake ni hiki: mwalimu huwaambii watoto "nendeni mkatafute mtandaoni". Unawachagulia kurasa mwenyewe kabla, unampa kila mmoja nafasi yake, na unataka kutoka kwao kitu ambacho hakipo kwenye kurasa hizo, wakitengeneze wao. Alikuwa anapigana na kunakili, kabla hata ya hizi mashine.

Wewe upo Makunduchi, basi una Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, mlangoni kwako kila Julai. Iambie mashine yenyewe iandike habari za Mwaka Kogwa kwa Kiingereza, ichapishe, wape wanafunzi na kalamu nyekundu. Kazi yao ni kuisahihisha, na kila sahihisho lazima liwe na shahidi: mjomba, mzee wa mtaa, picha, maandishi. Je, wanaopigana kwa migomba wanatoka upande gani na upande gani? Kile kibanda cha makuti kinachochomwa moto, mjomba wako anasema ni kwa sababu gani? Wanawake wanaimba nini, na wanamuimbia nani? Kila mwanafunzi atetee masahihisho yake kwa mdomo mbele ya wenzake, kwa Kiingereza, kibovu au kizuri. Alama utoe kwenye utetezi huo. Nimeona vijana wanaopenda sana hii kazi ya kumkosoa aliyejidai anajua. Na baadhi ya waliyoyakosoa yalikuwa sawa, ikawabidi kurudi kwa mjomba.

Insha iandikwe darasani kwa mkono, fupi, mara kwa mara. Hilo halihitaji mtandao.

Shikamoo Maalim. Mimi ni kijana wa Mji Mkongwe, nawasomesha wageni Kiswahili kwa video. Wengi huja wakiwa wameshapita kwenye programu ya simu na wananiuliza mimi nina nini cha ziada. Pia wengine hupanga darasa kisha hawatokei. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Unaokota kazi ambayo kisiwa hiki kinaijua vizuri. TAKILUKI, taasisi yetu ya Kiswahili na lugha za kigeni, walianza tangu 1978, na wageni waliopita mikononi mwao wapo vyuo vikuu mpaka leo wakisomesha Kiswahili wenyewe.

Duolingo ina Kiswahili tangu 2017. Usiitukane mbele ya mwanafunzi, imekufanyia kazi ya kuchosha ya kumtia maneno. Isichoweza ni kumjibu. Mwanafunzi wa programu anaijua salamu moja na jibu lake moja. Akifika Darajani anasalimiwa, anajibu, na yule muuza viungo anaendelea: za tangu asubuhi, watu wa nyumbani, za safari, umeshazoea? Mgeni anadhani ameulizwa maswali manne anayotakiwa kuyajibu kwa ukweli, anaanza kueleza tumbo lilivyomsumbua. Msomeshe hilo. Shuka na simu sokoni, video ikiwa hewani, muuzaji umeshamuomba ruhusa, na mwanafunzi wako aliyeko kwao anunue hiliki ya kweli kwa pesa yako, apunguziwe bei au asipunguziwe. Maneno aliyokosa ndiyo somo la siku ya pili.

Kama una rafiki wanaotaka Kijerumani au Kitaliana kwa ajili ya kazi za utalii, tazama na njia ya tandemu, ambayo kwa upande wa mtandao iliendelezwa sana na Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani. Watu wawili, kila mmoja anaitaka lugha ya mwenziwe. Nusu saa lugha hii, nusu saa lugha ile, na kila mmoja anasema mwenyewe anataka asahihishwe nini. Hakuna anayemlipa mwenziwe. Vyuo vya Leipzig, Bayreuth na Naples vina wanafunzi wa Kiswahili ambao hawana wa kuzungumza naye baada ya darasa. Ila nusu saa ya Kiswahili ilindwe. Mgeni akichoka anakimbilia Kiingereza, na wewe kwa adabu zetu unamfuata.

Saa muandikiane kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na utaje ni za Zanzibar au za kwao, kwani Ulaya wanasogeza saa zao Machi na Oktoba. Wepesi zaidi ni Wajapani. Wametutangulia saa sita kamili, kwa hiyo kwetu ikiwa saa nne ya asubuhi, saa ya ukutani ya Osaka nayo inaonyesha nne, ya alasiri. Ukiwaambia "saa nne" mmeelewana kwa bahati.

Ama hao wasiotokea, walipe kabla, na uwaandikie siku ile ile ya mwanzo kwamba atakayekosa bila ya kuarifu tangu jana yake, darasa limehesabiwa. Najua unaona haya kumwambia mgeni hivyo. Usione haya. Daktari wake wa meno huko kwao anamfanyia hivyo hivyo, na anarudi.